Usimlaumu Mgeni wa Likoni

Jumapili iliyopita tulimngoja shangazi yao watoto kwa chakula cha mchana mpaka pilau ikapoa. Alikuwa ameahidi kufika saa saba. Alibisha hodi saa tisa kasorobo, jasho likimtiririka, mkononi mafurushi mawili ya maembe. Kifungua mimba wangu, ambaye yuko kidato cha pili na anajiona keshakuwa hakimu, akanong'ona: "Shangazi naye, kila siku feri!"

Nilimkazia macho akanyamaza, lakini neno lake likanikaa moyoni. Sisi watu wa Buxton tumedekezwa. Tukitaka Nyali au Kisauni, daraja liko hapo hapo mlangoni. Wazee wanalikumbuka lile la kuelea la 1931. Hili la saruji tunalo tangu 1980. Mtu huvuka bahari amelala ndani ya matatu, asijue kama amevuka. Kule kusini mambo ni mengine. Kati ya kisiwa na Likoni pana maji ya kama nusu kilomita tu, na daraja la kudumu limekuwa hadithi ya miaka nenda miaka rudi.

Basi nini kilichomweka shangazi? Meli. Mkondo ule wa Likoni ndio mlango wa bandari ya Kilindini, na meli ya mizigo inapoingia au kutoka, feri husubiri. Meli kubwa haina breki kama ya gari, wala haiwezi kumpisha mtu anayewahi pilau. Feri moja ikingoja, banda la abiria linajaa. Ikifika, banda halimalizi watu. Shangazi aliachwa na feri mbili akiitazama Mombasa kwa macho.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Feri haina mbele wala nyuma. Ina mlango wa chuma kila upande, magari yakaingilia huku na kutokea kule. Inapofika gatini huteremsha mlango ule juu ya saruji iliyoinama kuelekea majini, na mashine huendelea kuisukuma isirudi nyuma mpaka wote washuke. Hapo ndipo penye ustadi wa nahodha, maana bahari haikai pahali pamoja. Siku za bamvua maji yakipwa sana, mlango huo huwa mteremko mkali, na lori lenye tumbo la chini huweza kukwama papo hapo, nyuma yake foleni ya magari na mbele yake watu wanaotazama saa. Ukiambiwa "maji yamekauka", usidhani ni kisingizio. Wavuvi wataelewa, wenye ofisi hawaelewi kamwe.

Watembea kwa miguu hawalipi kitu, wenye magari ndio hulipa. Na watembea kwa miguu hao ndio umati: inakadiriwa watu laki tatu huvuka kwa siku, wakiwemo wanafunzi, mahamali na mikokoteni yao, akina mama wa samaki, na yaya anayetakiwa awe mlangoni kwa tajiri wake saa moja kamili. MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini zilianza kazi 1990. Zikafuata MV Kwale na MV Likoni mnamo 2010, kisha MV Jambo mwaka 2017. Usiku na mchana ni kwenda na kurudi. Sijui chombo kingine nchini kinachosafiri mbali kiasi hicho bila kufika popote.

Saa kumi na moja shangazi akaaga. Nikamwambia yule hakimu wangu amsindikize hadi ng'ambo, kisha arudi. Mama yake akageuka ghafla. Najua alichokifikiria. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, ikija kisiwani na abiria kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na gati, wakafa watu 272. Na jioni ya Jumapili, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka MV Harambee katikati ya mkondo, na ndani yake mama na mtoto wake. Wapiga mbizi walihangaika siku 13 kabla ya gari kutolewa, zaidi ya mita 50 chini ya maji. Mombasa nzima ilikaa matanga.

Kwa hiyo kijana hakutoka kabla ya kusikia maneno. Mlinzi akipuliza filimbi, simama, hata kama feri bado ina nafasi ya mguu mmoja. Usirukie mlango unaoinuka. Usisimame kati ya magari. Kaa pembeni penye watu, na ujue maboya yako wapi. Akaitikia "ndiyo baba" mara nyingi kupita kawaida yake, ishara ya kwamba amechoka kunisikiliza.

Sasa wenye magari wana njia ya pili, ile barabara ya Dongo Kundu inayopita Mwache na Mteza hadi upande wa Kibundani. Lakini shangazi hana gari, na mfuko wa mchuuzi wa maembe hauna nauli ya kuzunguka bara ili afike mahali anapopaona kwa macho.

Jumapili jioni ni saa ambayo waliokwenda kupunga upepo Diani wanarudi, na foleni ya Likoni hupanda barabarani hadi mtu asiione bahari. Nilianza kutazama saa ilipofika saa moja na nusu. Mama yake alikuwa keshaanza tangu saa moja.

Kijana aliingia saa tatu na dakika kumi. Akavua viatu, akaketi, akavuta sahani ya pilau ya mchana ambayo mama yake alimfunikia.

"Imepoa," nikamwambia.

"Si kitu," akajibu, akaanza kula.

Sikumuuliza alichelewa wapi.