USIMWAMBIE AOMBE TU. KAA NAYE.



Leo naanza na toba. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ibada ya Jumatano, mwanafunzi wa chuo alinifuata mlangoni akaniambia, "Pasta, nimechoka. Sioni haja ya kuamka kesho." Nikamwekea mkono kichwani, nikakemea roho ya mauti, nikamwambia afunge siku tatu. Dakika mbili, nikakimbilia kikao cha kamati ya ujenzi.

Usiku huo aliyemsaidia ni msichana aliyeishi naye hosteli. Alimwona akigawa vitu vyake, akakataa kulala, akampigia mamake simu, na asubuhi wakampeleka hospitali. Binti huyo yuko hai leo, utukufu kwa Mungu. Lakini mimi nilikuwa nimemwagiza mtu ambaye hakuwa ameonja chakula siku nyingi aendelee kutokula!

Soma 1 Wafalme 19 polepole. Eliya, nabii aliyeshusha moto Karmeli, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye. Na mwisho wa sura hiyo alimpa Elisha, mtu wa kutembea naye.

Basi tusiwe wakali kuliko Mungu. Kijana akisema anataka kufa, usimwite mdhambi, usimwambie anatafuta kuhurumiwa, na usikimbilie kusema ni mapepo. Mimi naamini maombi, na naamini Mungu anaponya. Lakini mtoto wako akivunjika mguu unamwombea mkiwa kwenye gari mkielekea hospitali. Kwa nini akivunjika moyo tunafunga mlango na kungoja muujiza?

Wengine walinyamaza kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, hadi miaka miwili jela. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Usiogope kumpeleka mtoto wako hospitali. Ni mgonjwa anayehitaji msaada.

Mzazi, rafiki, mwalimu wa Sunday School, fanya hivi:

1. Muulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamfungua aseme alichobeba peke yake.

2. Sikiliza kuliko unavyohubiri. Akisema ni alama za KCSE, ni karo, ni mpenzi, usimwambie hilo ni jambo dogo. Kwake si dogo.

3. Usimwache peke yake. Dawa za shamba, dawa za hospitali na chochote anachoweza kujidhuru nacho, kiondoe au kifungie.

4. Piga simu. Childline Kenya ni 116, ya watoto, bila malipo, usiku na mchana. Msalaba Mwekundu ni 1199, pia ni bure. Befrienders Kenya ni 0722 178 177. Wewe unayemhofia mwenzako pia unaweza kupiga, uulize ufanye nini.

5. Hatari ikiwa ni sasa hivi, mpeleke kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, usiku wowote. Usingoje Jumapili.

Na wazazi wenye watoto bweni, kumbukeni mtoto wa sekondari hana simu. Namba hizi hazimfikii huko. Kabla hajarudi shule, mwulize: ukizidiwa, ni mtu mzima gani utamwendea? Matroni? Mwalimu wa ushauri nasaha? Nesi? Asipokuwa na jina la kutaja, hiyo ndiyo kazi yako siku ya kutembelea wanafunzi: mtafute mwalimu huyo, msalimie, mtambulishe mtoto wako. Tumezoea kuuliza mtoto amekuwa nambari ngapi darasani. Tumuulize pia analala vipi.

Sasa wewe mwanafunzi unayesoma hapa usiku, umejifunika blanketi ili mwenzako asione unalia. Sikutumii uombe kwa bidii zaidi. Nakuomba jambo moja: mwambie mtu mmoja, usiku huu. Mwamshe aliye kitanda cha karibu. Ukishindwa kueleza, sema tu, "Niko vibaya, usiniache peke yangu." Au piga 1199. Eliya naye aliona safari yake imefika mwisho, kumbe alikuwa amebakiza kazi na rafiki ambaye hajakutana naye bado. Hukumkosea Mungu kwa kuchoka.

Kwetu kanisani, kuanzia Jumapili hii, namba hizo zitabandikwa mlangoni na vyooni, mahali mtu anaweza kuzisoma bila kuonekana. Na mimi nikifuatwa mlangoni tena, kamati ya ujenzi itangoja.

Ee Bwana, utupe masikio kabla ya kutupa maneno. Mlinde usiku huu kila mtoto asiyeona kesho, umtumie mtu mwenye mkate, maji na muda. Amina.

Hifadhi namba hizi, kisha umtumie mzazi au mwanafunzi mmoja. Mbarikiwe.