Karatasi ya Ruhusa ya Kwenda Pangoni

JUMATATU iliyopita mwanangu anayesoma darasa la sita alirudi kutoka skuli na karatasi aliyoikunja mara nne na kuificha ndani ya daftari la hesabu. Mzazi mwenye uzoefu hutambua mara moja kwamba karatasi iliyokunjwa namna hiyo inadai fedha, nami sikukosea. Mwalimu wa sayansi na mwenziwe wa masomo ya jamii waliomba ruhusa ya wazazi ili wawachukue watoto hadi kisiwani Misali, kwa mashua kutoka Wesha, wakayaone mapango. Chini palikuwa na mstari wa kutia sahihi na kiasi cha mchango ambacho, kwa mshahara wa mtu kama mimi, si kidogo wala si cha kulilia.

Mama yangu alikuwa pembeni akichagua mchele. Akauliza ni karatasi ya nini, nami nikamweleza. Akauweka ungo chini.

"Mwanangu, pahala pale pana wenyewe. Watoto wa watu hawapelekwi kuchezea pangoni."

"Hawaendi kucheza, mama. Wanakwenda kusoma."

"Kwani huko skuli hamna pa kusomea?"

Nilicheka, lakini usiku nilipolala swali lile lilinirudia. Ni swali la haki, na kila mzazi wa Chake Chake aliyeletewa karatasi kama hii amejiuliza hilo hilo kwa maneno yake. Wazazi wenzangu, naomba leo tuliangalie pamoja, maana karatasi yangu bado iko mezani haijatiwa sahihi ninapoanza kuandika haya.

Nianze na mimi mwenyewe. Habari za mapango nilifundishwa darasani kwa chaki. Mwalimu wetu, mtu mwema na mwenye bidii, alichora ubaoni kitu mfano wa mdomo ulio wazi, akautia meno juu na meno chini. Ya juu, akasema, ni stalaktiti; ya chini ni stalagmiti. Tukakariri, ukaja mtihani, nikapata alama nzuri. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi mchanga, nilitumwa Tanga kwa shughuli za kazi na nikapata wasaa wa kuingia katika mapango ya Amboni. Hapo ndipo nilipotambua ya kuwa alama zile nilipewa kwa jambo nisilolijua. Sikuwa nimefikiri kuwa meno yale yameumbwa na maji. Sikujua kwamba pangoni kuna baridi yake na harufu yake, wala kwamba tone moja likidondoka mbali husikika kama mtu anayekohoa kwa adabu. Mawe ya Amboni ni ya chokaa, na wataalamu wa miamba wanayahesabu kuwa na umri wa miaka milioni 150 hivi. Nilisimama pale mtu mzima na shahada yangu ya uandishi mfukoni, nikatamani ningaliletwa nikiwa na miaka kumi na miwili.

Tangu mwaka 1967, ilipotangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, imesemwa mara nyingi kwamba masomo yatokane na mazingira ya mtoto. Kusema ni rahisi. Lakini hebu tuone pango lina nini cha kumfundisha mtoto wa Pemba.

Sehemu kubwa ya visiwa vyetu, hasa upande wa mashariki, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mvua inaponyesha huchukua hewa ya ukaa iliyomo angani, na ikipenya katika udongo huchukua nyingine zaidi; maji yakawa na ukali mdogo ambao ulimi hauwezi kuuhisi lakini jiwe la chokaa linauhisi. Maji yale hula jiwe polepole, karne kwa karne, mpaka ufa ukawa shimo na shimo likawa ukumbi. Kisha yanapodondoka kutoka darini huacha chembe ya chokaa aliyoichukua njiani kila tone, na chembe hizo ndizo zinazojenga yale meno ya mwalimu wangu.

Jambo hili lina jaribio lake, na halihitaji maabara. Jumanne jioni tulilifanya barazani. Mwanangu aliokota kipande cha tumbawe kikavu, akakisaga kwa jiwe hata kikawa unga, akakamulia ndimu. Unga ukatoa povu jembamba na sauti ndogo ya kuchemka. Povu lile ni hewa ya ukaa inayotoka ndani ya jiwe. Bibi yake, aliyejidai hatazami, akasema: "Basi ndiyo maana ndimu ikimwagika sakafuni huacha doa." Ndiyo maana hasa! Saruji nayo hutengenezwa kwa chokaa, na ndimu inaila. Mama yangu hakusoma kemia hata siku moja, lakini alikuwa na jibu la miaka arobaini ya kupiga deki; lililokosekana ni swali tu.

Hayo ni ya sayansi. Ya masomo ya jamii ni makubwa zaidi, kwa sababu pango ni ghala. Nje, mvua na jua huharibu kila kitu; ndani ya pango mifupa na makaa hukaa yalipoachwa. Kule Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, liko pango la Kuumbi. Mwaka 2005 lilifukuliwa na kundi la Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye wakaja wengine. Walikuta zana za mawe na mifupa ya wanyama walioliwa na watu wa kale, na miongoni mwa mifupa hiyo ikawamo ya punda milia. Punda milia Unguja! Hakuogelea. Zama hizo, miaka kiasi cha 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, bahari ikashuka kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ikawa imeungana na bara. Mtu aliweza kutoka Bagamoyo kwa miguu.

Hapo mtoto wa Chake Chake atauliza: na sisi je? Ni swali zuri, na jibu lake limo baharini. Mkondo ulio baina ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, hata bahari iliposhuka haukukauka. Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo sababu tunaye popo wetu mkubwa, popo wa Pemba, asiyepatikana pahala pengine popote duniani. Katika miaka ya 1990 alikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Leo, kwa juhudi za watu wa Kidike na vijiji vingine, anahesabiwa kwa maelfu. Yeye halali mapangoni, hulala mitini, kwa hiyo asichanganywe na popo nitakaowataja baadaye.

Kuna pango jingine ambalo siwezi kulipita. Liko Kilifi, pwani ya Kenya, linaitwa Panga ya Saidi. Mwaka 2021 wataalamu, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza kwamba ndani yake wamekuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ni kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa jinsi yetu yaliyopata kuonekana katika Afrika. Wakampa jina kwa lugha yetu: Mtoto. Alichimbiwa shimo, akalazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, mwili inaonekana ulifungwa kwa kitu, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu mfano wa mto ambacho kimeoza zamani. Nilipomsomea mama yangu habari hiyo alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Nani alimwekea mto?" Hakuna anayejua jina lake, lakini sote tunamjua ni mtu wa namna gani.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Kuona faida ya safari si sawa na kutia sahihi, na hofu za wazazi wa Pemba si za kudharauliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja kwetu, imejaa kupita kiasi. Hakuna mtaa wa kisiwa hiki ambao haukuweka tanga. Mzazi anayesita kumpandisha mwanawe katika chombo asiambiwe kuwa ni mwoga au hapendi elimu. Aulizwe tu: ni masharti gani yatakuridhisha?

Nimeyaandika yangu nyuma ya karatasi ile ile. La kwanza, kila mtoto apate boya la kuvaa linalomkaa mwilini, na idadi ya watu chomboni isizidi ile iliyoruhusiwa. La pili, mwalimu mmoja kwa watoto wasiozidi kumi, na wahesabiwe kuingia na kutoka. Nina sababu yangu. Nilipokuwa skuli tulichukuliwa kutazama handaki moja la kale, watoto zaidi ya arobaini na tochi moja. Tochi ikazimika, na wawili wetu tukabaki nyuma gizani tukilia mpaka mwenye shamba aliyekuwa akipita akatusikia. Darasani walikuwa hawajajua kuwa tumepungua. La tatu, isiwe msimu wa mvua. Mwezi Juni 2018 huko Thailand watoto 12 wa timu ya kandanda na mwalimu wao waliingia pangoni, mvua ikanyesha, maji yakawafungia ndani zaidi ya wiki mbili. Wote walitolewa hai, lakini mzamiaji mmoja alikufa katika kuwaokoa. La nne ni la popo. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon upande wa Kenya, wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, wanaaminika kuambukizwa huko homa ya Marburg, na wote wakafa. Wa pili alikuwa kijana wa miaka 15. Baadaye virusi hivyo vilipatikana katika popo fulani wala matunda wanaolala mapangoni kwa wingi. Pango lenye popo wengi watoto wasiingie, na walitazame kutoka mlangoni.

Na "wenyewe" wa mama yangu? Sikuliandika hilo kama sharti, lakini nilimwambia mwalimu. Misali ni kisiwa chenye heshima. Wazee husimulia kwamba Mtume Hadhara alifika pale, akaomba msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Na jina likatokana na hapo. Mapango yake huendewa na watu wenye nadhiri na waganga. Mwaka 1998 kisiwa kilifanywa hifadhi, na ilionekana kuwa mvuvi husikia zaidi akikumbushwa kuwa bahari ni amana ya Mwenyezi Mungu kuliko akitishwa kwa faini. Basi watoto waambiwe: hapa ni pahala pa watu, msipige kelele, msivunje jiwe, msiguse kilichoachwa na mtu. Ukiangalia vizuri, mama yangu na mtaalamu wa mambo ya kale wanatoa amri zile zile.

Mwalimu alinijibu Alhamisi, kwa hati nzuri. Walimu watakuwa wanne, na mwezi utakuwa wa kiangazi. Popo ameyakubali. Maboya hawana, wanayo sita tu. Ameandika hivyo hivyo bila kuficha, na kwa hilo nilimheshimu.

Nikampendekezea Pujini. Ni kiasi cha kilomita kumi kutoka mjini, kusini mashariki, gari ya abiria inafika karibu. Pale pana magofu ya ngome ya karne ya 15 anayohusishwa nayo Mkama Ndume, ambaye jina lake tu lamweleza: mkamua wanaume. Ndani ya ngome kuna kisima ambacho husimuliwa kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane wakichota maji, habari ambayo wanafunzi hawataisahau kamwe. Na kuna chumba kilichochimbwa chini katika mwamba, chenye sura ya siwa iliyotokezwa kwa lipu ukutani. Hicho si pango la maji, ni kazi ya mikono. Lakini jiwe ni lile lile la chokaa, na mtoto aliyekwisha kukamua ndimu atajua kwa nini watu wa kale waliweza kulichonga.

Wazazi kumi na mmoja tumekubaliana. Watoto watakwenda Pujini Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mchango uliokusudiwa mashua utawekwa kununulia maboya. Misali watakwenda yatakapotimia thelathini na nane.

Nimetia sahihi. Jana usiku nilimkuta mama yangu akimtilia mjukuu wake ndimu mbili katika mfuko wa skuli.

"Za nini, mama?"

"Akajaribu na jiwe la Mkama Ndume."

Ikanibidi nimweleze kuwa hilo ndilo hasa lisiloruhusiwa. Akazitoa, akasema basi atazitia katika mchuzi.