Akhwari Hakwenda Mexico Kushiriki

Timu ya Tanzania ikirudi mikono mitupu kutoka mashindano ya nje, jina linalokimbiliwa kwenye maneno ya kufariji ni la John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Mbulu. Mwalimu wa michezo humtaja kwa wanafunzi waliotolewa mapema kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Mtangazaji humtaja pale mkimbiaji wetu anapoingia uwanjani wakati wenzake wameshavuka mstari na kufunikwa mataulo. Kiongozi humtaja anapokabidhi bendera ya taifa, hata kabla ndege haijaondoka. Ujumbe ni uleule: kushinda ni majaliwa, kumaliza ndiyo heshima yetu.

Naipinga imani hiyo bila kuuma maneno. Inamdhulumu Akhwari mwenyewe, inawafukia washindi waliotoka kwenye milima ileile aliyotoka yeye, na inawapa wanaosimamia riadha yetu mahali pa kujificha kila wanapopaswa kujibu maswali.

Tuanze na Akhwari, maana hadithi yake tumeishika mkia. Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, marathoni ya Olimpiki. Walianza wakimbiaji 75. Mamo Wolde wa Ethiopia akakata utepe kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa moja baadaye, jua limeshazama na watu wengi wameondoka uwanjani, Akhwari akaingia akichechemea, mguu wake umefungwa bandeji. Alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa 57 kati ya 57 waliofika. Wengine 18 walikuwa wameacha njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Mtengeneza filamu wa Marekani, Bud Greenspan, aliisambaza picha ile duniani kote, na jibu lile likawa maarufu kuliko matokeo ya mbio zenyewe.

Hapo ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu. Lakini mbio za Akhwari hazikuanzia kwenye lango la uwanja. Turudi nyuma, kwenye kilomita ya 19 hivi. Mexico City iko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na misuli yake ilikuwa imeshaanza kukaza. Hata hivyo alikuwa bado ndani ya kundi la wakimbiaji waliokuwa wakisukumana kutafuta nafasi. Katika msukumano huo akagongwa, akaanguka, goti likateguka, bega likapiga lami. Mkimbiaji aliyekuja kushiriki tu hayuko kwenye msukumano wa namna hiyo. Yuko nyuma, peke yake, barabara nzima ni yake na hakuna wa kumgonga. Akhwari aliumia kwa sababu alikuwa anashindana.

Asiyeamini aangalie alichofanya miaka miwili baadaye. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akashika nafasi ya tano katika mbio ambazo Ron Hill wa Uingereza alishinda kwa 2:09:28. Muda ule wa Akhwari ulikuwa pungufu kwa saa moja na dakika kumi kuliko ule wa Mexico. Ni muda wa mtu wa daraja la juu kabisa la zama zake. Ni mwalimu gani anayewasimulia wanafunzi wake habari za Edinburgh? Tumemchukua mwanariadha aliyekuwa miongoni mwa watano bora wa Jumuiya ya Madola, tukamgeuza kuwa mtakatifu wa wanaoshindwa.

Sasa tutoke Mbulu tuteremke hadi Hanang, wilaya ambayo enzi za mkoloni ilikuwa sehemu ya Mbulu hiyohiyo. Huko alizaliwa Gidamis Shahanga, kijana wa Kibarbaig. Agosti 1978, akiwa bado hajatimiza miaka 21, alisimama kwenye mstari wa kuanzia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada. Wenyeji walikuwa na Jerome Drayton, mshindi wa marathoni ya Boston mwaka uliotangulia, na jiji zima lilimsubiri yeye. Shahanga akamwacha kwa zaidi ya nusu dakika. Akashinda kwa saa 2, dakika 15 na karibu sekunde 40. Drayton akachukua fedha, Mkanada mwingine, Paul Bannon, akachukua shaba.

Anayetaka kujua uzito wa ushindi ule aende kwenye uwanja wowote wenye mzunguko wa mita 400, aombe saa ya kupimia muda, akimbie mzunguko mmoja kwa sekunde 77. Kijana mwenye afya ataweza, ingawa atashika magoti akimaliza. Kisha aambiwe kwamba Shahanga aliifanya kazi hiyo mizunguko mia moja na mitano na nusu, bila kusimama, na wakimbiaji wazoefu wakimwinda. Uvumilivu peke yake hauwezi kuzaa kitu kama hicho. Panahitajika mazoezi ya kasi, hesabu ya nguvu, na akili ya kujua ni lini usubiri na ni lini umwache mwenzako.

Wala haikuwa bahati ya siku moja. Mwaka 1982, Brisbane, Australia, Shahanga alishinda dhahabu ya mita 10,000 kwa 28:10.15, na Mtanzania mwenzake, Zakaria Barie, akamfuata nyuma kwa chini ya nusu sekunde. Dhahabu na fedha, Tanzania na Tanzania. Siku chache baadaye Shahanga akaingia tena barabarani kwenye marathoni, na yeye na Juma Ikangaa wakaziendesha mbio kwa kasi iliyowatesa wote. Robert de Castella wa Australia alilazimika kuwafukuza kwa kilomita nyingi mbele ya watu wa kwao, akamshinda Ikangaa kwa sekunde 12 tu. Mwaka 1984 Shahanga alishinda marathoni ya Rotterdam. Mwaka 1990 alishinda ya Vienna, miaka kumi na miwili baada ya Edmonton.

Katikati ya safari hiyo kuna Helsinki, Agosti 1983, mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya riadha. Fainali ya mita 10,000 ilifika mzunguko wa mwisho watu wakiwa bado wamebanana. Baada ya mizunguko 25, Alberto Cova wa Italia alishinda kwa 28:01.04. Shahanga akawa wa tano kwa 28:01.93. Watu watano ndani ya sekunde moja. Kati yake na dhahabu ya dunia hazikufika sehemu tisa za kumi za sekunde, na kati yake na shaba zilikuwa sehemu 67 za mia. Mwaka huohuo wa 1983 serikali ilimtunukia Akhwari nishani ya ushujaa kwa kumaliza mbio za Mexico. Aliistahili, na siing'oi nishani ile kifuani mwake. Ninachouliza ni hiki: kati ya matukio hayo mawili, ni lipi ambalo mtoto wa shule Katesh au Dongobesh amewahi kusimuliwa? Ni lipi lenye somo linaloweza kumsaidia kushinda?

Najua jibu la wanaotetea imani hii. Watasema hadithi ya Akhwari inajenga tabia, inamfundisha mtoto asikate tamaa, na ndiyo iliyoipa Tanzania jina jema duniani hata akaalikwa Beijing mwaka 2008 akiwa balozi wa hisani. Yote hayo ni kweli. Lakini tabia hiyo tunadai kwa nani? Tunaidai kwa mkimbiaji peke yake. Yeye ndiye anayetakiwa avumilie kukosa viatu, avumilie kambi ya wiki chache, avumilie kusafiri bila kocha wake, kisha amalize huku akitabasamu. Mwenye dhamana ya kumwandaa hadaiwi chochote, kwa sababu kipimo kimeshawekwa chini kiasi kwamba kila anayefika amefaulu. Mkimbiaji asipomaliza, ni mzembe. Akimaliza wa arobaini, ni Akhwari mpya. Kwa vyovyote vile, hakuna mtu ofisini anayeulizwa mpango ulikuwa nini.

Hadithi inapotumika hivyo haijengi tena tabia ya mtu. Inalinda uzembe wa wengine.

Majirani zetu walikuwepo Mexico mwaka uleule. Kenya ilipata dhahabu tatu: Naftali Temu kwenye mita 10,000, Kipchoge Keino kwenye mita 1,500, Amos Biwott kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Wakenya wakawafanya washindi hao kuwa kipimo. Mtoto wa bonde la ufa aliyesikia jina la Keino alisikia pia kwamba mtu wa kwao alimwacha mbali Jim Ryun, Mmarekani aliyekuwa ameshikilia rekodi ya dunia. Ethiopia nayo ilikuwa imeshinda marathoni ya Olimpiki mara tatu mfululizo, Abebe Bikila mara mbili kisha Wolde, na kila kijana aliyefuata alijua anatakiwa kufika wapi. Mexico ilitupa na sisi hadithi, lakini tuliyochagua kuirithisha ni ya kiwango cha nafasi ya 57.

Tukitazama hesabu zetu tunaona matunda yake. Medali zote za Olimpiki za Tanzania mpaka michezo ya Paris mwaka 2024 ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi wa Karatu na Suleiman Nyambui wa Majita. Hao ni wenzake Shahanga, kizazi kilichokimbia ili kushinda. Bayi huyohuyo ndiye aliyeongoza mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho kule Christchurch mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia kwa 3:32.16, bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote kwenda mbele. Kizazi kile kilipostaafu, milima haikuhama na hewa haikubadilika. Kilichopungua ni mashindano ya ndani, makocha, na matarajio.

Ndiyo maana sikubali pia kile kisingizio kinachokwenda sambamba na hiki, kwamba watu wa Mbulu na Hanang wamezaliwa na pumzi na kazi ya taifa ni kuwaokota tu. Pumzi ilimfikisha Shahanga mzunguko wa mwisho wa Helsinki akiwa na wenzake. Alichopungukiwa ni kasi ya mita za mwisho, na kasi hiyo hufundishwa: mita 200 za kurudia, mita 400 za kurudia, kocha amesimama na saa, mwezi baada ya mwezi. Gabriel Geay wa Manyara alipokimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili, kisha Boston mwaka 2023 akawa wa pili huku Eliud Kipchoge akiwa wa sita, hakufika pale kwa kuzaliwa mahali fulani. Alifika kwa kazi.

Na kama bado kuna anayeamini kwamba dhahabu si fungu letu, Tokyo imemjibu. Tarehe 15 Septemba 2025, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha, Alphonce Simbu wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang, aliingia uwanjani nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani baada ya kilomita 42. Angeridhika na fedha, tungemshangilia na kumwita shujaa. Akamfukuza mpaka hatua ya mwisho, wote wawili wakaandikiwa 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo, miaka 42 tangu Shahanga aikose kwa chini ya sekunde moja kwenye mashindano ya kwanza.

Basi tudai mambo yanayopimika. Kila shule ya sekondari ya Mbulu na Hanang iandike ukutani muda wa Shahanga wa Edmonton, Brisbane na Helsinki, pamoja na muda wa Akhwari wa Edinburgh, ili mtoto ajue anakimbiza nini. Kila halmashauri iwe na angalau uwanja mmoja wenye mzunguko wa mita 400 uliopimwa kwa kamba, hata kama ni wa udongo, na mwalimu mmoja aliyesomea ukocha wa mbio ndefu. Na kabla bendera haijakabidhiwa, wanaopeleka timu watamke hadharani nafasi na muda wanaoutarajia kwa kila mkimbiaji, na jinsi walivyomwandaa kuufikia. Timu ikirudi, wasimame palepale wajibu kwa tarakimu. Atakayelitaja jina la Akhwari siku hiyo aanze kwa kutaja 2:15:05.