Nywila Inapokataa, Karani Asilaumiwe Peke Yake

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, vitabu vya hesabu vya ofisi za umma, vyama vya ushirika na shule vimekuwa vikihama kabatini na kuingia katika tarakilishi. Kisii na Nyamira hazikuachwa nyuma. Hata hivyo, tarakilishi hiyo mara nyingi haimo ofisini. Programu ya uhasibu huwekwa katika mashine iliyo Nairobi au ng'ambo, na karani aliye Keroka au Ogembo huona sura yake tu katika kioo kilicho mbele yake. Hii ndiyo inayoitwa tarakilishi pepe. Faida zake ni bayana: ofisi haihitaji mashine ya bei ghali, na radi ikipiga alasiri, kama ilivyo kawaida katika milima ya Gusii, vitabu havipotei.

Lakini ipo siku karani huandika jina lake na nywila yake, naye akajibiwa kwamba hatambuliki. Mishahara haijalipwa, wazazi wanangoja stakabadhi za karo, na mkuu wa idara amesimama mlangoni. Aghalabu lawama humwangukia karani: hajui tarakilishi, amesahau nywila, arudi shule. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Wahandisi wameijadili kadhia hii sana. Mimi naitazama kwa jicho la isimu, kwa kuwa nusu ya tatizo hili ni tatizo la lugha.

Kwanza tuelewe kwamba anayeingia katika programu iliyo ndani ya tarakilishi pepe hupita milango miwili. Wa kwanza ni wa tarakilishi yenyewe, na wa pili ni wa programu ya uhasibu. Kila mlango una orodha yake ya majina, na orodha hizo mbili zisipolingana kwa herufi, nukta na nafasi, mtu yule yule hutambuliwa hapa na kukanwa pale.

Hapa ndipo majina yetu yanapoingia. Chukua majina kama Ong'era, Nyang'au na Mong'are. Kwa msemaji wa Ekegusii, kama ilivyo kwa msemaji wa Kiswahili, ritifaa iliyo katika ng' si pambo, bali ni alama ya sauti. Kung'oa mti si jambo moja na kuona ngoa kwa sababu ya mali ya jirani. Kwa tarakilishi mambo ni tofauti. Mfumo wa herufi uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka wa 1963, uliipa ritifaa namba 39, na lugha ya SQL, inayotumiwa kuhoji hifadhi za data, hutumia alama hiyo hiyo kuonyesha mahali maneno yanapoanza na yanapokoma. Programu iliyotungwa kwa uzembe ikikutana na Ong'era hudhani kuwa neno limekwisha baada ya "Ong". Kwa hofu hiyo, programu moja huikataa ritifaa, nyingine huifuta, na nyingine huweka nafasi mahali pake. Mtu mmoja akawa Ong'era katika kitambulisho, Ongera katika tarakilishi pepe, na Ong Era katika orodha ya wahasibu!

Fauka ya hayo, kuna ritifaa mbili. Ile iliyonyooka ina namba 39, na ile iliyopinda ina namba 8217 katika mfumo wa Unicode. Programu za kuandikia barua hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kumwuliza mwandishi. Kwa hiyo orodha ya wafanyakazi ikichapwa humo kisha ikanakiliwa katika mfumo wa hesabu, jina huonekana sawasawa machoni, ilhali kwa mashine ni majina mawili. Huko Ireland, akina O'Brien wanaijua adha hii.

La pili ni lugha ya kukataliwa. Mwanafalsafa H. Paul Grice, katika makala iliyochapishwa mwaka wa 1975, alieleza kwamba mazungumzo husimama juu ya ushirikiano: msemaji hutarajiwa kutoa taarifa ya kutosha, isizidi wala isipungue. Ujumbe usemao "jina au nywila si sahihi" unaivunja kanuni hiyo kwa makusudi. Mwizi asiambiwe kuwa jina amelipatia na kilichobaki ni nywila tu. Sababu hiyo naikubali. Nisichokubali ni kuutumia ufiche huo huo pale ambapo mashine inajua kuwa kosa si la jina wala la nywila.

Yapo makosa mengi ya namna hiyo. Mifumo mingi ya ofisi hutumia itifaki iitwayo Kerberos, iliyobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, ikapewa jina la mbwa wa vichwa vitatu anayelinda lango la kuzimu katika hekaya za Wayunani. Mbwa huyo hutazama saa. Kwa kawaida, saa ya mashine ya mtumiaji ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, hafungui. Tarakilishi ambayo betri yake ya ndani imekufa, ikizimwa na umeme na kuwashwa tena, huweza kurudi na tarehe ya miaka iliyopita. Pia kuna leseni. Ofisi iliyolipia watumiaji watano haimwingizi wa sita. Mtandao ukikatika, au karani akifunga dirisha bila kutoka mfumoni, kiti chake huweza kubaki kimekaliwa na kivuli chake mwenyewe. Na wakati mwingine seva yenyewe ndiyo iliyozidiwa. Julai 2023, mfumo wa eCitizen uliposhambuliwa, hakuna nywila ambayo ingalimwokoa mtu.

Basi afanye nini aliyekataliwa? Kwanza, ajue ni mlango upi uliofungwa, wa tarakilishi pepe au wa programu. Pili, aulize kama wenzake wanaingia. Ikiwa wote wamekwama, aiache nywila yake. Tatu, atazame herufi: je, kitufe cha herufi kubwa kimewashwa? Ritifaa ni ipi? Kuna nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina? Nne, atazame saa na tarehe. Tano, aulize kama kuna kiti kilichoachwa wazi bila mtu. Zaidi ya yote, asijaribu mara kumi kwa hasira, kwani mifumo mingi humfungia kabisa anayekosea mara chache mfululizo. Haraka haraka haina baraka.

Kuna watakaosema kuwa haya ni mambo madogo. Si madogo hata kidogo. Karani aliyefungiwa nje huku kazi ikingoja huazima nywila ya mwenziwe. Kesho huandikwa katika kikaratasi na kubandikwa kando ya kioo, na kesho kutwa ofisi nzima inatumia jina moja. Hapo kumbukumbu za nani aliidhinisha malipo gani zimekufa. Kashfa ya shilingi milioni 791 katika Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipozuka mwaka wa 2015, mojawapo ya maswali yaliyoulizwa hadharani lilikuwa nani alitumia nywila ya nani katika IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa tarakilishi inalifanya kosa tendo la kutoa nywila kwa mtu mwingine bila idhini. Lakini sheria peke yake haitoshi ikiwa mlango halali haufunguki.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Nywila za tarakilishi zilianza MIT mapema katika miaka ya 1960, wakati watu wengi walipogawana mashine moja. Kufikia mwaka wa 1962, mwanafunzi mmoja wa uzamifu alikuwa amekwisha kuzichapisha zote katika karatasi ili ajipatie muda zaidi wa kuitumia mashine. Mfumo ukimbana mtu, hutafuta upenyo. Ndiyo sababu taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka wa 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani pasipo dalili ya kuibwa, kwa maana waliolazimishwa huchagua nywila dhaifu.

Mapendekezo yangu ni matatu. Kila kaunti, shule au chama kinaponunua programu, mkataba useme wazi kwamba majina yenye ng' yatapokelewa na kuhifadhiwa kwa namna moja katika orodha zote. Pili, ujumbe wa makosa utolewe kwa Kiswahili pia, na utaje sababu kila inapowezekana bila kumfaidi mwizi: "viti vimejaa", "saa yako haiko sawa", "umefungiwa kwa dakika kadhaa". Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mbona kiishie katika vitabu vya fasihi? Istilahi tunazo: nywila, mtumiaji, leseni, seva. Tatu, walimu wa tarakilishi na walimu wa lugha wakutane darasani. Mwanafunzi anayejua kwa nini ng' ni sauti moja, na kwa nini mashine huiona kama herufi mbili na alama, atatunga programu isiyomkana mwenye jina.

Hadi hapo, mkuu wa idara anayesimama mlangoni na aulize swali moja kabla ya kukemea: mlango uliofungwa ni upi, na nani aliyeufunga?