Barua za Mama Si Umbea

Nimechoka kusoma kwamba katika Uingereza ya Malkia Victoria siasa ilikuwa kwenye gazeti la baba, na barua za mama zilikuwa umbea tu. Tangu 1840, peni moja ilitosha kutuma barua nyepesi popote nchini. Ilipofika, aghalabu ilisomwa kwa sauti sebuleni. Ukurasa uleule uliweza kubeba homa ya mtoto, posa ya binamu, bei ya mkate, na hasira juu ya Sheria za Nafaka zilizoipandisha bei hiyo. Mwaka 1867 Bunge lilikataa hoja ya John Stuart Mill ya kuwapa wanawake kura, 196 dhidi ya 73. Basi wangesemea wapi? Mwanahistoria anayeziita barua hizo “habari za familia” na kuziweka kando anawanyima kura mara ya pili.