Bunduki kuukuu isikuzuzue kwa kitako

VYOTE ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Onyo hilo la wahenga, msomaji, lamfaa sana yeyote aliye na jamaa huko Uingereza anayemezea mate bunduki kuukuu ya kuwindia katika mnada wa London au Birmingham.

Bunduki hizi si ngeni kwetu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuja kuwinda huku mwaka wa 1909 alibeba bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland wa London, zawadi ya marafiki zake Waingereza. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, lakini huko ng'ambo bunduki za aina hiyo zingali zatafutwa, na nzuri yaweza kugharimu pesa za kununulia gari.

Swali la kwanza basi si bei. Swali ni: ilitengenezewa baruti gani? Zamani bunduki zote zilitumia baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi. Mwaka wa 1889 Waingereza walibuni kodaiti, baruti isiyo na moshi na yenye nguvu zaidi. Mwaka wa 1898 John Rigby akatoa risasi iitwayo .450 Nitro Express. Hapa ndipo penye mtego. Ganda la risasi hiyo lina umbo lile lile la ganda la zamani la .450 ya baruti nyeusi, lenye urefu wa inchi tatu na robo. Kwa hivyo risasi ya kodaiti yaweza kuingia bila taabu katika bunduki isiyoundwa kuistahimili. Mtutu ukipasuka, aliyeishika ndiye apotezaye mkono au macho.

Utajuaje? Tazama mihuri iliyogongwa chini ya mtutu. Nyumba za kupimia bunduki ziko London na Birmingham, na ile ya Birmingham ilianzishwa mwaka wa 1813. Maneno NITRO PROOF, au herufi NP chini ya taji, huonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Usipoyaona, usikubali maneno ya dalali. Mwite fundi wa bunduki apime tundu la risasi na mtutu wenyewe.

Sasa ichunguze yote, ukiisha kuhakikisha haina risasi. Vuta kitambaa cheupe ndani ya mtutu, kisha umulike kwa taa. Mifereji izungukayo ndani yafaa kuwa na kingo kali. Vishimo vya kutu ni hasara. Funga bunduki, uinue kuelekea mwanga. Ukiona mwangaza kati ya mtutu na mtambo, jua imelegea. Kama ni ya mitutu miwili, mwambie fundi aining'inize mitutu peke yake na kuigonga polepole. Ikilia kama kengele, imeshikana vyema. Ikikwaruza, kuna kiungo kilichoachia.

Tazama pia vichwa vya skurubu. Vikiwa vimechubuka, fundi wa kubahatisha ameshapita hapo. Kagua kitako palipo pembamba, nyuma ya mtambo, kwani hapo ndipo nyufa hujificha. Nakshi zilizofifia chini ya rangi mpya zaonyesha kwamba chuma kimesuguliwa, na thamani imesuguliwa nacho.

Linganisha nambari ya mtutu na ya mtambo. Zikitofautiana, huenda sehemu zimetoka bunduki mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa bahati watengenezaji kama Holland & Holland, Rigby na Westley Richards wangali na madaftari yao ya zamani. Ukiwapa nambari, mara nyingi waweza kukuambia ilitengenezwa mwaka gani na ya baruti ipi. Hadithi ya kwamba ilikuwa ya bwana fulani mashuhuri isikutoe hata senti moja kabla ya jibu hilo.

Mwisho ni sheria. Mwambie jamaa yako asidhani uzee wa bunduki ni ruhusa ya kuitia mkobani na kuja nayo nyumbani. Hapa Kenya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, yadai cheti. Aulize polisi kwanza, atoe pesa baadaye. Na muuzaji akimharakisha, amwachie bunduki yake.