MEZA YA MWALIMU: Picha ya Nyumba na Jua la Kwao



Wamo miongoni mwetu wazazi ambao vijana wao wanasoma usanifu wa majengo, Arlington na Houston, na sasa wanaombwa fedha za programu ya kompyuta ya kutengenezea picha za nyumba. Wamo pia wanaojenga Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, wanaotaka kuiona nyumba katika picha kabla ya kutuma fedha za msingi. Swali lao ni moja: programu ipi inafaa?

Tuanze na kazi yenyewe. Msanifu huchora jengo ndani ya kompyuta, na mchoro huo ni kama mifupa. Programu tunazozizungumzia huivisha mifupa hiyo ngozi: rangi, mawe, mbao, na juu ya yote, mwanga na kivuli. Ziko namna mbili. Za kwanza hufuatilia miale ya mwanga inavyogonga ukuta na kurudi, na picha moja huweza kuchukua muda mrefu. Mashuhuri ni V-Ray, ya kampuni ya Chaos iliyoanzia Sofia, Bulgaria. Za pili hufanya kazi kama michezo ya kompyuta: picha hutokea papo hapo, nawe ukazunguka vyumbani. Humo wamo Lumion ya Uholanzi, Enscape na Twinmotion. Siku hizi mpaka baina ya namna hizo mbili umeanza kufifia.

Katika gharama, V-Ray, Lumion na Enscape hukodishwa. Kodi ikikoma, na kazi hukoma. Kijana akiajiriwa, ofisi ndiyo itakayolipa. Twinmotion, ambayo Epic Games iliinunua mwaka 2019, haitozi wanafunzi, wala wale ambao mapato yao ya mwaka hayafiki dola milioni 1. Kisha ipo Blender, ambayo historia yake itawafurahisha watu wa harambee. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilifungwa. Mwasisi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, aliwaomba watumiaji wachange euro 100,000 ili programu iwe mali ya umma. Fedha zilipatikana kwa wiki 7. Tangu hapo Blender ni ya bure kwa kila mtu, na haina kodi ya mwaka. Haijifunzwi kwa siku moja, lakini atakayeijua hatafungiwa mlango kwa kukosa fedha.

Hata hivyo, bei si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni ukweli wa picha, kwani watu hutoa akiba zao kwa kuitazama. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Chukueni mfano wa jua. Hapa Dallas jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Mwezi Desemba huwa chini, kiasi cha nyuzi 34 tu juu ya upeo wa macho. Unguja mambo ni mengine. Tangu Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mwezi Juni hufika kiasi cha nyuzi 60. Kijana akichora nyumba ya Unguja huku kompyuta yake ikidhani iko Texas, ataweka upenu mrefu kusini na kuuacha ukuta wa kaskazini wazi. Picha itaonyesha chumba chenye kivuli. Bibi atakayelala humo ataona joto miezi saba. Kwa hiyo programu yoyote isiyomruhusu mtumiaji kuweka mahali, tarehe na saa, aiache. Na akumbuke kwamba picha hizi, hata zikiwa nzuri namna gani, hazionyeshi kama upepo wa kusi au wa kaskazi utaingia dirishani.

Jicho nalo hufunzwa. Wapelekeni vijana Kimbell, Fort Worth, jengo la Louis Kahn lililofunguliwa mwaka 1972, waone mwanga unavyoshuka kutoka kwenye mwanya wa paa na kutandaa juu ya zege. Walio Houston waende Menil, kazi ya Renzo Piano ya mwaka 1987. Kuingia kote kuwili, kwa makusanyo ya kudumu, ni bure. Kisha wakirudi watazame picha zao: je, mwanga ule wanauona?

Ushauri wangu basi ni huu. Mwanafunzi aanze na Blender au Twinmotion, na fedha ziwekwe katika kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu. Mjenzi naye asiridhike na picha moja yenye maua na minazi iliyokwisha kukomaa. Adai picha tatu zisizo na mapambo: asubuhi, adhuhuri na alasiri, za mwezi Juni na tena za Desemba, kwa jua la mahali nyumba itakaposimama. Mchoraji asiyeweza kuzitoa, asitumiwe fedha bado.

Wabillahi tawfiq.